Njoo Kabla ya Maji

Chewele
2 Machi 2026

Shemeji Mwaringa,

Ni mimi Dama, niliyekuwa mke wa rafiki yako Iha, wa Kilelengwani. Najua hukutarajia mwandiko wangu. Mimi nami sikutarajia kukuandikia, lakini tangu jana sijui la kufanya na mikono yangu ila kushika kalamu.

Jana mchana nilikwenda dukani kwa Abdia, jirani yetu hapa, kununua mchele. Alikuwa amefungulia redio, kile kipindi cha Jumapili cha nyimbo za kantri. Mtangazaji akasema sasa tunaye kijana wetu wa Garsen, Mwaringa na gitaa lake, na wimbo unaoombwa na watu wengi, "Njoo Kabla ya Maji". Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Nikamwambia Abdia, huyu namjua, amekula kwangu miaka mitano. Kisha ukaanza kuimba.

Nimekuachia sufuria ndogo, kubwa nimeondoka nayo,
mtu mmoja hapiki vingi, na wewe sasa u mmoja.
Mlango nimeurudisha tu, komeo sikulitia.
Njoo kabla ya maji, nami nitarudi nawe.

Mchele ulinimwagikia miguuni. Abdia alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akanivutia kiti.

Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika Oktoba ya mwaka elfu mbili ishirini na tatu, ukurasa wa pili wa barua niliyomwachia Iha juu ya kitanda asubuhi niliyoondoka. Wakati ule redio ilikuwa ikitangaza kila siku kwamba mvua ya El Nino inakuja na Tana itafurika, ndiyo maana niliandika aje kabla ya maji. Hakuna mwanamke mwingine aliyekuambia habari ya komeo.

Najua Iha hasomi. Najua wewe ndiwe uliyekuwa ukimsomea kila kitu, kadi za kliniki, orodha za mbegu, hata meseji za simu yake. Kwa hiyo nilipokuwa nikiandika nilijua kwamba maneno yangu yatapita kinywani mwako. Nilikubali yapite. Sikukubali yakae humo.

Iha hakuja. Maji yalipofika na barabara ikakatika nilimtetea kwa mama yangu, nikasema atakujaje, hata mabasi hayapiti. Januari barabara ikafunguka. Nilikaa nikitazama kila basi la kutoka Garsen likishusha watu wa wengine. Hapo nikajua jibu lake, nikalimeza. Sasa nasikia kwamba hakutosheka kunikataa. Amekupa barua yangu uitengeneze wimbo. Je, mlikaa pamoja mkachagua mistari? Mlicheka?

Nijibu kwa barua. Usitafute namba yangu ya simu. Una sauti nzuri na kwa simu utanizungusha mpaka nicheke. Barua hii inaletwa na Dukicha, yule mfanyabiashara wa ng'ombe anayeshuka kwenye mnada wa Garsen. Yeye ndiye umpe jibu.

Dama


Garsen
9 Machi 2026

Shemeji yangu Dama,

Salamu nyingi sana. Dukicha amenikuta kwenye karakana nikiwa nimefungua pampu ya maji ya mtu, nikaiacha hapo hapo nikasoma. Nimefurahi kujua kwamba u mzima na bado una nguvu za kunigombeza.

Sasa sikiliza, shemeji. Mtunzi huokota maneno kila mahali. Hapa anasikia mwanamke kisimani, pale mwanamume baa, akifika nyumbani anayashona pamoja. Sufuria ndogo iko kila nyumba. Mlango kila nyumba unao. Ukisikia wimbo ukaona ni wewe, basi ujue mtunzi amefanya kazi yake. Nimepata barua za namna hiyo hata kutoka Mpeketoni.

Iha hakunipa kitu chochote. Msafishe kabisa moyoni mwako kwa hilo. Tena nikuambie, kwa sababu utalisikia kwa wengine: Iha ameoa. Ni mwaka jana mwezi wa Agosti, msichana wa Tarasaa anayeitwa Nyevu, mtu mpole, na sasa ni mjamzito. Nyumba imetulia. Ukianza leo kuuliza habari za barua za zamani, utawaumiza watu ambao hawajakukosea.

Kwangu mimi wimbo huu ni kitu kikubwa. Umri wangu wote nimeitwa fundi wa pampu. Leo naitwa kuimba Hola, naitwa Malindi, watu wanasimama ninapoingia. Usiniharibie kwa jambo lililokwisha.

Na ujue kwamba nilikulinda. Jina lako halimo, kijiji hakimo, na lile la mtoto sikuligusa kabisa.

Nisalimie mama.

Mwaringa


Chewele
14 Machi 2026

Mwaringa,

Shemeji sitaandika tena.

"Lile la mtoto sikuligusa." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea pale nilipoishika.

Lile la mtoto lilikuwa mahali pamoja tu, katika mistari mitatu ya mwisho ya ukurasa wa pili. Hakuna aliyelijua, hata mama. Nilikuwa na miezi miwili. Sikumwambia Iha kwa mdomo kwa sababu mimba mbili za kwanza zilitoka, na kila ilipotoka ndugu zake walinitazama kama mtu aliyevunja chombo chao. Safari hii nilitaka aje kwa ajili yangu mimi. Halafu asubuhi ya kuondoka nikaogopa, nikaongeza ukurasa wa pili.

Mtoto alizaliwa. Ni Mei ya mwaka elfu mbili ishirini na nne, maji yakiwa yamejaa tena, gari la kwenda hospitali halikupatikana, na jirani yetu Mwanaarusi ndiye aliyenishika mgongo mpaka mwisho. Kwetu jina la mtoto hutoka upande wa baba. Nilingoja wiki sita upande huo useme kitu. Kliniki walikuwa wakiandika "mtoto wa Dama". Wiki ya saba nikampa jina la yule aliyenishika mgongo.

Kuachwa ningeweza kusamehe. Watu huachana kila siku. Nisichoweza kumsamehe Iha ni kujua ana mtoto na kunyamaza. Nimelala na hilo na kuamka nalo karibu miaka miwili.

Nina swali moja. Usinieleze habari za watunzi. Iha alisomewa ukurasa wa pili?

Dama


Garsen
28 Machi 2026

Dama,

Hakusomewa.

Nimetanguliza neno hilo ili nisipate pa kurudi nyuma. Barua yako imekaa kwangu wiki mbili. Dukicha amepita mara mbili kuulizia jibu, na mara zote mbili nimejificha nyuma ya karakana, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku ile Iha alinifuata mtoni, nilikuwa nikitengeneza pampu ya kikundi cha wakulima. Barua alikuwa ameiweka ndani ya shati. Mikono yangu ilikuwa na oili, nikaipangusa kwa nyasi. Nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza unajua mwenyewe unavyosema. Kile chakula cha mchana, ami yake akisema mbele yako kwamba Iha atafutiwe mke atakayezaa, wewe ukiwa umeshika bakuli la mchuzi, na Iha akiendelea kula. Ulipoandika "hukuniangalia hata mara moja, ulimega ugali", nilimwona akishika shingo yake. Nikasoma mpaka "usinifuate". Akasema, "Inatosha."

Akaondoka, akaenda kukaa kwenye mtumbwi uliofungwa kando ya maji, akanipa mgongo. Mimi nikatia karatasi ya pili mfukoni. Sikuwa nimeisoma. Nikasema moyoni, aache atulie, nitamsomea kesho.

Niliisoma peke yangu siku mbili baadaye. Nilipofika kwenye mistari mitatu ya mwisho nilikimbia, Dama, naapa, nilikimbia mpaka nyumbani kwenu. Iha hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kipini kwa ndugu yake bila kuaga mtu. Na alipokuwa anarudi maji nayo yakawa yamefika. Tulikuwa tukiwatoa watu mashambani kwa mitumbwi, mbuzi mmoja hapa, mzee mmoja pale. Tukapelekwa kambini kwenye ardhi ya juu. Mimi na Iha tulilala hema moja wiki tano.

Wiki tano, na karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa gitaa langu, karibu na kichwa chake. Kila asubuhi nilisema leo. Lakini ulikuwa umemwandikia aje kabla ya maji, na maji yalikuwa yameshakuja. Nikawaza, nikimsomea sasa ataniuliza niliijua lini. Siku moja ya kuchelewa ningeweza kuieleza. Wiki nzima pia ningebabaisha. Baada ya hapo sikuwa na neno.

Kuna jambo baya zaidi na nitaliandika. Ilipofika Januari nilianza kutumaini kwamba mimba ile nayo imetoka. Nilitumaini hivyo kwa sababu ingenirahisishia mimi.

Wimbo ulizaliwa kambini. Nilikuwa nikiisoma karatasi kujiadhibu, nikaisoma mara nyingi hata maneno yakaanza kuwa na mwendo, na siku moja vidole vikaufuata. Niliurekodi Malindi kwa Enos, ana studio ndogo nyuma ya duka la simu. Alipousikia aliniuliza ni nani ameniandikia. Nikasema nimetunga mwenyewe.

Iha aliuomba upigwe siku ya harusi yake. Nilijaribu kupiga mwingine, akakataa, akasema ule wa maji. Nikaupiga. Alilia mbele ya watu, kisha akaja akanishika bega, akaniambia, "Huyo mwanamume ni mjinga. Mbona hakwenda?"

Nikaendelea kupiga.

Karatasi bado ninayo. Niambie nifanye nini. Nitakuletea, au nitaichoma, na wimbo nitaacha kuuimba ukitaka.

Mwaringa


Chewele
4 Aprili 2026

Mwaringa,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena.

Nilipoimaliza nilikwenda kwenye mfereji wa shamba nikaosha miguu. Haikuwa michafu. Nilikaa pale nikiiosha mpaka mama akatuma mtu aje kuniangalia. Niliporudi mama akaniuliza kuna nini, na ningeanzia wapi? Karibu miaka miwili nimemfundisha mama yangu kumchukia Iha. Nimewafundisha majirani. Nilimnyonyesha mtoto nikiwaza uso wa baba yake akisikia habari zake na kuendelea kumega ugali. Sasa unaniambia hakusikia. Nimejaribu kuitoa ile chuki yote niielekeze kwako, lakini ni nyingi na wewe hutoshi.

Karatasi usiniletee. Si yangu tena, ni ya Iha, niliiandika kwa jina lake. Usiichome pia.

Nenda Kilelengwani mchana. Mkewe awepo, kwa sababu ni jambo la nyumba yake na hapaswi kulisikia mlangoni kama mgeni. Isome yote, kwa sauti ya kusoma, usiimbe. Ukifika kwenye mistari mitatu ya mwisho usipunguze sauti. Kisha umweleze umekaa nayo muda gani. Hilo ni lako, mimi sitakuandikia.

Wimbo ufanye utakavyo. Watu wameshaujua, huwezi kuutoa vichwani mwao.

Dama


Kilelengwani
14 Aprili 2026

Dada Dama,

Hunijui. Naitwa Nyevu, mke wa Iha. Mwaringa ndiye aliyenielekeza kwamba barua zako zinapitia kwa Dukicha.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili. Kama mtu angeniambia katika nyumba hii kuna kitu cha kusomwa, ningekisoma siku niliyoingia.

Mwaringa alikuja Jumamosi mchana, hakuwa na gitaa, na hilo tu lilinishangaza. Nilikuwa nakaanga samaki. Iha alikuwa amekaa akifunga mpini wa jembe. Mwaringa hakukubali kiti. Alisema amekuja kusoma kitu alichotakiwa kukisoma zamani, akatoa karatasi, akaanza. Alisoma kama mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Dada, maneno yale nilikuwa nayajua. Nimeyaimba nikifua. Niliyaimba siku ya harusi yangu, nimevaa nguo nyeupe, nikipiga makofi. Nilidhani ameamua kutusomea wimbo wake, nikawa naona ajabu tu. Kisha akafika mahali ambapo wimbo huwa unaisha, akaendelea: "Nina miezi miwili. Sijamwambia mtu. Nimeogopa kukuambia kwa mdomo kwa sababu ya zile mbili, lakini hii naisikia imeshika."

Samaki waliungua na hakuna aliyewatoa.

Iha akasema, "Soma tena." Mwaringa akasoma tena, yote. Iha akanyoosha mkono akapewa karatasi. Aliiangalia muda mrefu. Akanigeukia mimi, akaweka kidole juu yake, akaniuliza, "Hapa ndipo penye mtoto?" Hapakuwa hapo. Nilimshika kidole nikakishusha mpaka mahali penyewe.

Halafu Mwaringa akaeleza kwamba mtoto alizaliwa, na mambo ya kambini. Iha hakumpiga. Alimwuliza kama ni lile hema waliloshirikiana, Mwaringa akasema ndilo. Akamwuliza, "Na ulikuwa nayo?" Mwaringa akajibu kwamba alikuwa nayo. Iha akaingia ndani akafunga mlango. Mwaringa alisimama pale uani juani, sijui alikuwa anangoja nini, mpaka nikamwambia aende. Nimesikia amerudisha mwaliko wa kuimba Malindi.

Jana asubuhi Iha amevaa lile shati la harusi, ametia karatasi mfukoni, amesema anakwenda Chewele. Sikumwuliza anarudi lini. Niliogopa jibu.

Nina miezi saba. Sikuandikii ili tushindane. Wewe ulikuwepo kabla yangu, na mtoto wako ni mkubwa wa wangu. Lakini mimi nimekaa hapa nikitazama njia, na sijui natazama nini. Kama amefika, niambie mliyozungumza. Yote, hata yale unayoona yataniumiza. Usinihurumie kwa kunificha.

Nyevu


Chewele
18 Aprili 2026

Nyevu, mdogo wangu,

Iha amefika salama. Nakuanzia hapo kwa sababu najua ndilo ulilotaka kwanza.

Alishuka Jumatatu jioni. Nilikuwa napalilia, nikaona mtu amesimama ng'ambo ya mfereji na shati jeupe, havuki. Hatukusalimiana vizuri. Alikuwa amekonda, au mimi ndimi niliyesahau alivyo. Mama alipomwona aliingia ndani akakataa kutoka, na ilibidi mjomba wangu amkalishe chini amweleze mambo yote upya. Iha amelala kwa mjomba siku zote hizi. Hilo nalo nilitaka ulijue.

Jumanne tulikaa kuzungumza, mjomba akiwepo. Iha aliniomba msamaha kwa ile siku ya chakula, kitu ambacho sikutegemea akikumbuke. Akasema, "Nilisikia alichosema ami. Sikujua nifanye uso gani, nikaendelea kula." Akatoa karatasi akanipa, akataka nimsomee mwenyewe kwa sauti yangu. Nilianza. Nilifika nusu nikashindwa, na sehemu iliyobaki akaisema yeye, bila karatasi, neno kwa neno. Anaijua yote. Alijifunza kwenye wimbo, akilima, na mistari mitatu ya mwisho siku ile Mwaringa alipowasomea.

Nyevu, hapo nilitikisika kuliko siku ile ya dukani. Nikajikuta nimemwuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimwuliza zile karatasi alizozitoa kitandani zilikuwa ngapi.

Akageuza uso kwa mjomba. Nikamwambia, "Kusoma hujui, Iha. Kuhesabu unajua."

Akasema, "Mbili."

Mjomba akainua kichwa. Iha akaeleza, pole pole, akitazama chini. Alizibeba mbili ndani ya shati. Mwaringa alipomaliza ya kwanza, aliona kama ya pili itamwua, akaenda kukaa mtumbwini angoje kuitwa. Hakuitwa, akashukuru. Kule kambini hakuuliza. Nikamwuliza habari ya sufuria. Akasema sufuria aliitambua mara ya kwanza tu alipousikia wimbo, akajiambia kila nyumba ina sufuria. La mtoto hakulijua, hilo namwamini. Lakini alijua kwamba kuna karatasi, na kwamba wimbo unafanana na nyumba yake, na akaona afadhali aulilie kuliko auulize.

Nilikuwa nimeshamsafisha kabisa, unajua, tangu barua ya Mwaringa. Nilikuwa nimeanza hata kujilaumu. Sasa sikujua nimweke wapi. Na nisiwe mwongo kwako, mimi nami nilikuwa na miguu. Mabasi yalirudi tangu Januari ile, ningeweza kushuka Garsen nikafika Kilelengwani na tumbo langu likanisemea. Nilitaka aje yeye. Kila basi lililokuja bila yeye lilinipa haki, na nikaipenda ile haki.

Umesema nisikufiche. Aliniomba nirudi. Alisema nyumba inatosha wake wawili, na kwetu si jambo la ajabu, hata baba yangu alikuwa na wawili. Nikamwuliza kama amekuuliza wewe. Hakuwa amekuuliza. Nikamwambia basi hajaondoka kwenye lile sinia la ugali.

Lakini si kwa sababu hiyo nilikataa. Nilikataa kwa sababu hasira ilipotoka nilitafuta kilichobaki kwa Iha, nikakuta namhurumia, kama unavyomhurumia mtu uliyemsikia redioni. Yule aliyeandika ukurasa wa pili alikuwa anamtaka. Nimeisoma karatasi ile kwa sauti yangu mwenyewe na nimemwonea huyo mwanamke wivu. Iha alilia. Mimi sikulia, na hapo ndipo tulipojua sote kwamba imekwisha, hata mjomba alijua, akasema twende tukale.

Tumekubaliana hivi. Mtoto atakaa na mimi. Baba yake atakuja kumwona kila baada ya mavuno, na wewe ukishajifungua ukapata nguvu mje wote, mtalala kwetu. Iha alitaka kumpa mtoto jina la mama yake yeye. Nimemwambia jina analo, lakini la pili akiongeza silikatai. Karatasi ameniachia. Nimekataa kuichukua, ameiacha juu ya meza, na hapo ipo.

Mwaringa ameniandikia kwamba hataimba tena. Sikumjibu. Jana redio ya Abdia imeupiga wimbo tena, na Abdia akataka kuizima, nikamwambia aiache. Uliimbwa mpaka mwisho na mimi nikachagua mchele wangu.

Iha atarudi Jumatatu kwa basi la asubuhi. Nakutumia barua hii leo kwa Dukicha ili ikufikie kabla yake. Umwulize ukiwa na yote mkononi.

Sasa hivi yuko shambani na mjomba, wanafungua maji. Mtoto alimwogopa siku tatu, akiona lile shati anajificha kwenye kanga yangu. Tangu jana amemzoea. Nimejaribu kumfundisha amwite baba, hataki. Ameshika jina lake, kwa kuwa ndivyo anavyonisikia mimi nikimwita, na ni jina jepesi kwa ulimi wake. Asubuhi nzima anazunguka ua akiita Iha, Iha, kama anamwita mtoto mwenzake, na yule anaitika kutoka kule mferejini. Mama anasema ni kukosa adabu, nimkataze.

Sijamkataza.

Dama